Mnara Usio na Msikiti: Ziara Yetu Katika Kasri la Lednice



Ni wachache miongoni mwetu wanaotarajia kuuona mnara mrefu wenye hilali kileleni, na maandishi ya Kiarabu kutani, katikati ya mashamba ya mizabibu ya Ulaya ya Kati. Hata hivyo mnara huo upo. Umesimama Lednice, mji mdogo wa Moravia ya Kusini katika Jamhuri ya Czech, karibu na mpaka wa Austria. Tulifika huko pamoja na ahli zetu tulipokuwa wageni wa jamaa wanaoishi Vienna. Tulikwenda kwa treni hadi Břeclav, kisha tukapanda basi mwendo mfupi.

Mji wenyewe ni wa watu wachache, na mitaa yake ni safi na mitulivu. Kinachouvutia ulimwengu ni kasri la ukoo wa Liechtenstein, waliomiliki ardhi hiyo tangu karne ya 13. Umbo lake la sasa, lenye vinara na madirisha yaliyochongoka kama ya makanisa ya kale, lilijengwa kati ya mwaka 1846 na 1858. Ndani, ahli zetu walisimama kwa muda mrefu mbele ya ngazi ya mviringo katika maktaba, iliyonakshiwa yote kwa mbao za mwaloni. Aliyekulia penye milango ya Lamu hujua thamani ya subira ya fundi, na subira hiyo tuliiona pale.

Pembeni mwa kasri ipo nyumba ya mimea ya chuma na kioo, yenye urefu wa zaidi ya mita 90, iliyojengwa miaka ya 1840. Nguzo zake za chuma zimepewa umbo la mianzi, na chini yake inastawi mimea ya nchi za joto. Watoto walicheka kuona minazi na mikindu ikitunzwa kwa moto na kioo, ilhali kwetu huota bila kubembelezwa. Tukawaambia kuwa neema iliyozoeleka husahaulika, na asiyekuwa nayo huijengea nyumba.

Kutoka kasri, unaweza kuuendea mnara kwa miguu ukipita bustanini, au kwa mashua katika mkondo wa mto Dyje. Ulijengwa kati ya mwaka 1797 na 1804 kwa amri ya Mwanamfalme Alois wa Kwanza. Mhandisi wake alikuwa Joseph Hardtmuth, ambaye pia ndiye mwasisi wa kiwanda cha penseli kijulikanacho leo kwa jina la Koh-i-Noor. Urefu wake ni karibu mita 60, una roshani tatu, na ngazi za kupanda ni 302. Kwa kuwa ardhi ni ya kinamasi, iliwalazimu mafundi kuzamisha magogo chini ya msingi. Aliye juu huiona bustani yote, mabwawa ya samaki, na vilima vya Pálava kwa mbali.

Wenyeji husimulia kwamba Alois alitaka kuwajengea watu kanisa, wakaleta ubishi, naye kwa hasira akajenga mnara wa Kiislamu. Hiyo ni hadithi ya mjini. Lililo wazi zaidi ni kwamba zama hizo matajiri wa Ulaya walipenda kupamba bustani zao kwa majengo ya mataifa ya mbali. Karibu na hapo Hardtmuth alijenga pia gofu la ngome, lililojengwa makusudi likiwa gofu. Sisi tunaoyajua magofu ya Gedi, ambayo watu waliishi na kusali ndani yake, tulistaajabu. Na tukumbuke kuwa majeshi ya Uthmaniya yaliizingira Vienna mwaka 1683. Haikupita karne moja na nusu, alama ya waliohofiwa ikageuzwa pambo la bustani.

Lakini mnara huo haukujengewa msikiti, wala haukukusudiwa adhana. Watu hupanda, hutazama mandhari, hushuka. Mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka hapo, katika mji wa Brno, ulifunguliwa mwaka 1998 msikiti wa kwanza wa nchi hiyo. Huo uliruhusiwa kwa sharti kwamba usiwe na mnara. Basi pale pana mnara usio na msikiti, na huku pana msikiti usio na mnara. Ni upi kati ya hayo mawili ulio hai?

Jibu halina shaka. Hata wazee wetu wa pwani waliswali karne nyingi katika misikiti isiyo na minara, kama ule msikiti mkuu wa Gedi, ambako mwadhini alipanda ngazi hadi darini akaita. Hatusemi kuwa mnara ni kitu kibaya, kwani ni alama njema na ni fahari ya mji. Ila tujiulize: ni mara ngapi mchango wa mnara umetimia haraka, ilhali mwalimu wa madrasa anangoja mshahara wake, na sehemu ya kuswalia akina mama imebaki kuwa chumba chembamba cha nyuma?

Ukoo wa Liechtenstein uliipoteza Lednice mwaka 1945, ilipotwaliwa na serikali ya Czechoslovakia. Mwaka 1996 UNESCO iliiandika bustani hiyo, pamoja na ya Valtice, katika urithi wa dunia. Mawe yamebaki, wenyewe wameondoka.

Kwa familia zitakazojaaliwa kufika: ni nchi ya mvinyo, kwa hiyo ulizeni kabla ya kula. Samaki wa mabwawa hupatikana. Kibla huko ni upande wa kusini-mashariki. Adhuhuri yetu tuliiswali kwenye majani, chini ya miti, na hakuna aliyetukera.

Mwenyezi Mungu aijaalie misikiti yetu ijae watu kabla ya kujaa mapambo. Amin.