Siri ya Ungamo na Siri ya Mawasiliano

Utangulizi

Zamani Mkristo wa Kumsenga, katika nyanda za juu za Kibondo, alipolemewa na dhambi au hofu alimwendea mchungaji wake kwa miguu. Walizungumza faraghani, naye akarudi nyumbani akijua kwamba maneno yake yamebaki baina ya watu wawili mbele za Mungu. Leo Mkristo huyo, hasa akiwa kijana anayetafuta riziki mbali na kwao, huchukua simu na kuandika ujumbe. Katika makala hii tunakusudia kueleza maneno hayo yanapita wapi, ni nani awezaye kuyafikia, na kwa nini jambo hili linamhusu mchungaji na si mwanasheria peke yake.

Njia ya ujumbe

Ujumbe wa simu hauendi moja kwa moja kwa mpokeaji. Hupita katika mnara, kisha katika mitambo ya kampuni, na huko huacha kumbukumbu: namba ipi iliitafuta namba ipi, saa ngapi, na kupitia mnara wa mahali gani. Ziko programu zinazoyafunga maneno yenyewe kwa mafumbo hata kampuni isiweze kuyasoma, lakini alama za njia iliyopitiwa hazifutiki zote. Nazo husema mengi. Anayeona kwamba mtu alipiga simu kituo cha kupima Ukimwi, na usiku huohuo akazungumza na mchungaji wake kwa saa nzima, hahitaji kusikia neno lolote. Aidha, tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa; hivyo namba imekuwa na jina la mwenyewe.

Hatusemi kwamba usajili huo ni uovu. Matapeli wa fedha za simu wamewaliza wengi, na serikali ina wajibu wa kuwasaka. Swali letu ni hili: mlango wa kumbukumbu hizo ufunguliwe kwa ruhusa ya nani?

Sheria zasemaje

Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Ibara ya 18 inatambua uhuru wa maoni na haki ya kutoingiliwa katika mawasiliano. Lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 32, ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru mwenye taarifa azitoe kwa ajili ya upelelezi, pasipo kumwendea hakimu kwanza. Yaani anayepeleleza ndiye anayejipa ruhusa.

Matokeo yake tuliyaona. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, mahali ambapo watu huandika bila kutaja majina yao, alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, kwa kuwa taarifa za watumiaji hazikutolewa. Aprili 2020 mahakama ilimtia hatiani katika shauri mojawapo: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1. Katikati ya hayo, kanuni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu walipie leseni kwa gharama inayozidi shilingi milioni 2. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, wakati ambapo familia zilihitaji mno kujua ndugu zao wako wapi.

Fundisho letu

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika ibara ya 11, linataka maondoleo ya dhambi kwa mtu binafsi yadumishwe kanisani. Hayawezi kudumu pasipo siri, kwa maana aogopaye kusikiwa na wengine hataungama. Twakiri pamoja na Warumi 13 kwamba serikali ni mtumishi wa Mungu katika kutunza amani. Lakini utawala wake haufiki ndani ya dhamiri. Hivyo basi, tunapodai kwamba hakimu aulizwe kwanza, hatuidharau serikali. Twaikumbusha mpaka wake.

Historia yetu nayo yatufunza. Amri ya Worms ya mwaka 1521 ilipiga marufuku vitabu vya Luther. Lau ingalitekelezwa kikamilifu, sisi tusingalikuwapo. Wala tusijisifu, kwani watawala wa Kilutheri nao walizuia maandishi ya wapinzani wao. Na mwaka 2018 maaskofu wa KKKT, baada ya kutoa ujumbe wa Pasaka uitwao "Taifa Letu, Amani Yetu", waliandikiwa barua ya kuwataka waufute, barua ambayo waziri mhusika aliikana baadaye.

Nyumbani mwetu

Hata hivyo hatuna budi kujihoji wenyewe. Ni mara ngapi ombi la maombi, lenye jina la mgonjwa na ugonjwa wake, limetumwa katika kundi la WhatsApp la usharika lenye watu mia? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu imani na afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Daftari la usharika lina yote mawili. Katika Kibondo na Kasulu, wilaya zilizowapokea wakimbizi katika kambi za Nduta na Nyarugusu, uzito huongezeka: jina la mkimbizi na mahali alipo, vikimfikia anayemwinda, vyaweza kumgharimu uhai.

Hitimisho

Twashauri mambo mawili. Kwanza, mchungaji apokeapo ujumbe ulio mwanzo wa ungamo, asijibu kwa maandishi. Amwite mwenye nao, au amwendee. Pili, tusione haya kusema hadharani kwamba siri ya raia isifunguliwe ila kwa amri ya mahakama. Hakuna sinodi itakayolifuta ungamo. Litakufa lenyewe, kimyakimya, siku Mkristo wa Kumsenga atakapoanza kujiuliza ni nani mwingine anayesikiliza.