Mbona milango ya chuma hukwama Garissa, na jinsi ya kuirekebisha

MMILIKI wa duka au gereji mjini Garissa anayepata mlango wake wa chuma umekataa kufunguka aghalabu hukimbilia kopo la grisi. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, hilo laweza kuwa kosa la kwanza.

Grisi hunasa mchanga unaopeperushwa na upepo. Viwili hivyo vikichanganyika huwa kama msasa, vikakwangua reli na magurudumu ya mlango.

Lililo bora ni kuisafisha reli kwa brashi kavu, kuipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mbali na moto, kuiacha ikauke, kisha kuisugua kwa mshumaa. Nta iliyokauka hainasi mchanga kama grisi.

Chanzo cha pili ni jua. Chuma kikipata joto hutanuka. Mlango wenye upana wa mita 4, joto lake likiongezeka kwa nyuzi 40 kutoka alfajiri hadi alasiri, hutanuka kwa takriban milimita 2.

Kwa hivyo, mlango unaofunguka vyema asubuhi lakini ukakwama saa nane mchana hauhitaji nyundo. Unahitaji fundi aongeze nafasi ya milimita chache kwenye fremu. Rangi nyeupe nayo hupunguza joto kuliko nyeusi.

Kwa wanaoishi karibu na Mto Tana, kuna tope. Maji ya mafuriko, kama yale ya Novemba 2023 na ya Aprili na Mei 2024, yanapopungua huacha tope ndani ya reli ya chini. Liondolewe likiwa bado bichi, kwani likikauka huwa gumu, na unyevu uliofichika chini yake huleta kutu.

Wenye milango ya umeme wasiilaumu mota kabla ya kuhakikisha kuwa umeme upo, betri ya rimoti haijaisha, na vile vijicho vinavyotambua kizuizi havijafunikwa na vumbi. Umeme ukipotea, kamba ya kuutenganisha mlango na mota ivutwe mlango ukiwa umefungwa. Ukiwa wazi, waweza kuporomoka.

Sehemu moja haifai kuguswa na asiye fundi: springi inayobeba uzito wa mlango unaopanda juu. Hukazwa kwa nguvu nyingi, na ikifyatuka yaweza kuvunja mkono au hata kuua. Mlango ambao ghafla umekuwa mzito dalili yake ni springi iliyokatika, na usilazimishwe.

Wanaolala ndani ya maduka yao wana sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu. Moto ukizuka usiku, mlango uliokwama hugeuka kifungo. Ukarabati wowote hautoshi iwapo hakuna mlango wa pili, unaofunguka kutoka ndani bila ufunguo.