Ndama wa tembo wafungua soko la maziwa ya mbuzi Samburu

MAZIWA ya mbuzi, ambayo kwa miaka mingi yaliishia kwenye vibuyu vya nyumbani, yamepata mnunuzi wa uhakika katika Kaunti ya Samburu, kaskazini mwa Kenya. Mnunuzi huyo ni kituo cha Reteti, kinachookoa ndama wa tembo walioachwa yatima na kuwalea hadi waweze kurudi porini.

Reteti ilifunguliwa mwaka 2016 ndani ya hifadhi ya jamii ya Namunyak, na ni mali ya wananchi wa hapo. Baadhi ya ndama hutumbukia katika visima ambavyo wafugaji huchimba kwenye mito iliyokauka. Wengine mama zao wamekufa kwa ukame au kwa risasi. Ndama anayeweza kurudishwa kwenye kundi lake hurudishwa mara moja, na hiyo ndiyo njia bora, tena ya gharama ndogo kuliko zote. Anayekosa kundi ndiye anayebaki kuwa mlaji wa maziwa.

Mlaji huyo ni mgumu. Ndama aliye chini ya miaka miwili hawezi kuishi bila maziwa, na aliye mchanga hupewa chupa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Maziwa ya ng'ombe hayamfai; humharisha na huweza kumuua. Huko Nairobi, Daphne Sheldrick, aliyefariki mwaka 2018, alihangaika miaka mingi kabla ya kugundua kwamba maziwa ya unga ya watoto wachanga, yakichanganywa na mafuta ya nazi, hukaa tumboni mwa ndama. (Wakulima wa minazi wana haki ya kujivuna kidogo.)

Reteti nayo ilianza na maziwa ya unga kutoka nje. Msomaji anayeagiza bidhaa ng'ambo anaijua hesabu hiyo: bei kwa fedha za kigeni, nauli ya mzigo, kisha safari ndefu ya barabara. Janga la Uviko-19 lilipovuruga usafirishaji mwaka 2020, kituo kiligeukia mbuzi wa majirani. Mafuta yaliyomo katika maziwa ya mbuzi yana chembe ndogo, hivyo ni mepesi kumeng'enywa. Yakifika kituoni hupashwa moto kuua vijidudu, yakaongezewa virutubisho. Walezi wanaeleza kwamba ndama wanaopona ni wengi zaidi kuliko wakati wa maziwa ya unga.

Kwa upande wa fedha, mabadiliko ni makubwa. Malipo yaliyokuwa yakienda kwa kiwanda cha mbali sasa hubaki Samburu, tena mikononi mwa wanawake. Kwa desturi za wafugaji, kuuza ng'ombe ni uamuzi wa mwanamume, lakini maziwa ni ya mama mwenye nyumba. Ndiyo maana bidhaa hii imeingiza fedha mahali ambapo minada ya mifugo haikuwahi kufika.

Hata hivyo, mfanyabiashara makini hawezi kulitazama soko hili bila kuona nyufa zake. Mnunuzi ni mmoja, naye anategemea wageni na michango ya wafadhili. Wenzake wa Nairobi wamejiwekea kinga kwa mpango wa kuasili ndama: mtu yeyote duniani anaweza kumchangia ndama mmoja kuanzia dola 50 za Marekani kwa mwaka, na ndama huyo huyo akachangiwa na watu wengi. Ni biashara iliyopangwa vizuri, lakini inategemea huruma ya watu walio mbali.

Pia, kazi ikifanikiwa, mlaji huondoka. Mwaka 2019 Reteti iliwaachia tembo wake watatu wa kwanza katika hifadhi ya jirani ya Sera. Wale wa Nairobi huhamishiwa Tsavo na Kibwezi, ambako huzoeana na tembo wa porini taratibu. Inaweza kuchukua hata miaka kumi kabla hawajaachana kabisa na walezi wao.

Ufa mkubwa zaidi ni mvua. Katika ukame ulioanza mwaka 2020, serikali ya Kenya ilihesabu tembo 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022. Tembo jike akifa, ndama huenda akaletwa kituoni. Lakini ukame huo huo hukausha chuchu za mbuzi, kwa hiyo mahitaji hupanda wakati ule ule mzigo unapopungua sokoni. Maziwa kidogo yanayokamuliwa yana mnunuzi anayelipa, na nyumbani kuna watoto wanaoyasubiri. Ni mama mwenye mbuzi anayeamua asubuhi ni lita ngapi zitoke na ngapi zibaki.