Mwanao akipata safari ya masomo Kenya, anza na cheti cha kuzaliwa

Msikilizaji wetu wa Mamboya, ukiambiwa mwanao atakwenda nje kujifunza utalii usioharibu mazingira, usikimbilie kununua begi. Tafuta cheti cha kuzaliwa. Bila hicho pasipoti ni shida, na kama hana, kukifuatilia huchukua muda.

Tuseme wanakwenda Gazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Mombasa. Njia ni Tanga, kisha mpaka wa Horohoro. Fomu ya pasipoti hujazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, na tangu pasipoti za kielektroniki zianze mwaka 2018 ada ni shilingi 150,000. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi. Chanjo ya homa ya manjano achome angalau siku 10 kabla ya safari. Kadi yake huulizwa mpakani, hata wakati wa kurudi.

Kwa nini Gazi? Kina mama wa huko wana daraja la mbao katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kupita juu yake. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unauza hewa ya ukaa. Fedha zake zimesaidia maji na shule. Yaani mkoko uliosimama unaleta hela.

Lakini kabla ya kuvuka mpaka, mwanafunzi aende Mikumi hapa kwetu. Aulize vijiji vinavyopakana na hifadhi vinapata nini kwa watalii wanaopita, ayaandike kwenye daftari lake la safari. Watu wa Gazi nao watamuuliza habari za kwao.