Mgeni wa Miaka Sitini

Chundwa, kisiwani Pate, Lamu, ukimkuta mtu amelala barazani usiku, jua kakimbia joto la ndani. Hesabu ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, zaidi ya 15,000 kati yao Nairobi. Karani angefika Chundwa na fomu zile, pengine angerudi nazo tupu na kuripoti kwamba huku mambo shwari.

Shwari hiyo ina gharama, na wanaoilipa ni jamaa. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwahamisha Wabajuni wa vijiji vya kaskazini kama Rubu na Ishakani. Wengine wakakimbilia visiwani, wengine Malindi na Mombasa. Hawakupigiwa mahema. Walipokewa na shangazi, na wakwe, na watu waliovua nao. Ukumbi ukakatwa kwa pazia, mikeka ikatandikwa usiku na kukunjwa alfajiri. Kijana akioa, chumba cha udongo na boriti za mikoko kinaongezwa uani, makuti yake yanagusana na ya jirani. Faza, kisiwa hichohicho, Septemba 2009 moto uliruka paa hadi paa ukateketeza mamia ya nyumba na kuwaacha watu wapatao 2,500 bila makao. Iliitwa ajali, lakini msongamano wa makuti haukuanza siku hiyo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lilikuwapo, shamba ndilo lililobaki ng'ambo ya mkondo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifungua skimu ya Ziwa Kenyatta, Mpeketoni, ng'ambo hiyohiyo, ikawapa ardhi wakulima wa mikoa ya ndani. Sina ugomvi nao, nao hawakuwa na pa kulima. Ugomvi wangu ni na mizani: aliyetoka mbali alionekana hana ardhi, aliyefukuzwa hapo karibu akaonekana ana ndugu. Julai 2014 ikatangazwa kwamba kampuni 22 zitanyang'anywa hati za takriban ekari 500,000 za Lamu. Kampuni, nadhani, hazikuwa na shangazi Pate.

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa. Dhuluma za kihistoria za ardhi zilipewa Tume ya Taifa ya Ardhi, na sheria ya 2016 ikaweka miaka mitano ya kupeleka madai. Mlango ukafungwa Septemba 2021. Nusu karne ya kungoja, miaka mitano ya kulalamika, tena kwa ushahidi wa mtu aliyekimbia usiku bila sanduku la karatasi. Sheria ya nyumba nafuu ya 2024 nayo inamtaka hata mvuvi achangie asilimia 1.5 ya mapato yake. Kwenye kuchangia, hajasahauliwa.

Sensa humwuliza mkuu wa kaya kama nyumba ni yake au ya kupanga. Atajibu ni yake, na hasemi uongo. Wale walio nyuma ya pazia wanaandikwa kwa uhusiano wao naye: mpwa, mkwe, jamaa. Fomu hiyo ingeongezewa swali moja tu kwa kila mmoja wao, kwamba kwao ni wapi na kinachomzuia kurudi ni nini, na jibu likafika kwenye meza inayogawa viwanja.