Mgombea Pekee wa Ubunge Naye Atapigiwa Kura

Uchaguzi Mkuu wa Rais, Wabunge na Madiwani ulifanyika Jumatano, tarehe 29 Oktoba 2025. Wananchi walipojiandaa kwa siku hiyo, ilifaa wafahamu badiliko moja la sheria: jimbo lenye mgombea mmoja tu wa ubunge nalo hupiga kura ya mbunge.

Chini ya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi, Sura ya 343, mgombea aliyebaki peke yake baada ya uteuzi alitangazwa kuwa amechaguliwa bila kupingwa. Ndivyo ilivyokuwa katika Jimbo la Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2020: siku ya uchaguzi ilipowadia, mbunge alikwishapatikana.

Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Namba 1 ya mwaka 2024, imeufuta utaratibu huo. Mgombea pekee sasa atapigiwa kura ya “Ndiyo” au “Hapana”, na hesabu ya kura hizo ndiyo itakayoamua. Utaratibu huo unawahusu pia wagombea udiwani.

Kwa wazee, kura ya namna hii si ngeni. Enzi za chama kimoja, mgombea pekee wa urais alipigiwa kura ya ndiyo au hapana, ilhali wagombea wawili wa ubunge walitofautishwa kwa alama za jembe na nyumba. Jipya ni kwamba kura hiyo sasa imefika kwenye jimbo na kata.

Wapo wanaodhani kuwa mgombea akiwa mmoja hakuna haja ya kwenda kituoni. Dhana hiyo haina nafasi tena. Mbunge ni mjumbe wa Baraza la Madiwani na mwenyekiti wa kamati ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, unaochangia miradi inayoibuliwa na wananchi wenyewe. Asiyepiga kura huwaachia wengine uamuzi wa nani ashike dhamana hiyo.

Vituo vilipangwa kufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Aliyekuwa kwenye mstari ilipofika saa 10:00 alipaswa kuruhusiwa kupiga kura. Kila mpiga kura alitakiwa kufika katika kituo alichopangiwa akiwa na kadi yake, na kukumbuka kuwa kura ni siri, iwe ya “Ndiyo” au ya “Hapana”.