Gugu Karoti: Ua Dogo, Hasara Kubwa

Leo tuzungumze juu ya gugu lenye sura nzuri na tabia mbaya. Jina lake ni gugu karoti.

Gugu hili ni la ukoo mmoja na alizeti na pareto. Asili yake ni bara la Amerika, kandokando ya Ghuba ya Meksiko, na ukame haulitishi sana. Katika miaka ya 1950 liliingia India pamoja na ngano iliyotoka nchi za nje. Hapa Tanzania liligunduliwa mkoani Arusha mwaka 2010.

Je, utalijuaje? Likiwa changa hulala chini, na majani yake yamechanika kama ya karoti. Lakini ling'oe uone: chini hakuna karoti, ni mzizi tu! Likikua husimama, hutoa matawi mengi na kufika kifuani kwa mtu. Juu hubeba vijiua vyeupe vingi, kila kimoja kama punje ya mtama.

Kwa nini tulihofu? Kwanza, hunyang'anya mazao maji na chakula, tena hutoa sumu inayodumaza mimea jirani. Pili, likienea malishoni, nyasi hutoweka. Ng'ombe au mbuzi mwenye njaa akilila, maziwa yake huwa machungu. Akila kwa wingi anaweza kufa. Tatu, ni wewe mwenyewe, ndugu yangu. Ukilishika mara kwa mara ngozi huwasha na kutoka vipele, na vumbi la maua yake huwasumbua sana wenye pumu.

Gugu hili huzaana upesi mno. Likipata unyevu huanza kutoa maua baada ya wiki 4 hadi 6 tu, na shina moja laweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi. Mbegu hizo husafiri kwa maji ya mvua, kwa matope ya magurudumu na kwato, kwa samadi, hata kwa mbegu za kuazimana.

Sasa tufanyeje? Ling'oe na mizizi yake kabla halijatoa maua, ardhi ikiwa na unyevu. Usilifyeke, kwani litachipua tena. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, nguo ya mikono mirefu, na funika pua. Mwenye pumu asifanye kazi hii. Kama limekwisha kuchanua, litie ndani ya mfuko polepole, mbegu zisimwagike, kisha likaushe na kulichoma moto. Usilitupe kwenye shimo la mboji, wala usilipambe nyumbani kwa kuwa ni zuri.

Chunguza mbegu kabla ya kupanda. Osha jembe la kukokotwa au trekta lililotoka shamba la mbali. Usijaze mifugo malishoni kupita kiasi, maana nyasi zikifunga vizuri, gugu hili hukosa nafasi.

Neno la mwisho. Ukisafisha shamba lako peke yako, na barabara na mfereji vimejaa gugu, mvua ijayo litakurudia. Kwa hiyo kaeni na majirani mpange siku moja ya kung'oa pamoja, na mrudie baada ya kila mvua. Ukiliona mahali lisipokuwapo zamani, mwarifu Bwana au Bibi Shamba wako siku hiyo hiyo.

Kwa leo tuishie hapa. Nakutakia kilimo chema.